Tangu Nipewe Cheo, Wodi Nzima Imeninyamazia

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye umri wa miaka 39, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya ambayo naomba nisiitaje. Kabla ya uteuzi huo nilifanya kazi katika wodi hiyohiyo kwa miaka 11, nikiingia zamu za usiku kama wenzangu, nikigawana nao chai na maandazi saa kumi alfajiri, na nikilalamika pamoja nao kuhusu mfawidhi aliyekuwapo. Ninakuandikia kwa sababu nimegundua kwamba nimekuwa mtu yuleyule tuliyekuwa tukimlalamikia, na huenda nimemzidi.

Sikubadilika kwa siku moja. Mwanzoni niliona kwamba nikiendelea kutaniana na wenzangu hakuna atakayenitii, maana baadhi yao walinitangulia kazini na mmoja alitarajiwa na wengi kuwa ndiye atakayepewa nafasi hii. Nilianza kupunguza mazungumzo, kisha nikaacha kunywa chai nao, kisha nikazoea kuletewa chai ofisini. Wanafunzi wa uuguzi wakawa wananipokea mkoba getini, nami sikuwazuia. Nikawa natoa maagizo kwa ujumbe wa simu katika kundi la wodi, hata kwa mtu aliye hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Mume wangu alinikanya mara mbili kwamba hapa ni nyumbani, si wodini, nikadhani ananionea wivu.

Yupo mkunga mmoja mtu mzima, ambaye nitamwita Mama tu, aliyebakiza miezi saba kustaafu. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuja hapa mwanafunzi, akanielekeza nilipompokea mtoto wa kwanza maishani mwangu, na ndiye aliyekaa nami hadi kukapambazuka usiku ule nilipompoteza mzazi kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nilimwamkia shikamoo. Nilipopewa cheo, sijui ilianzaje, nikawa nasubiri yeye ndiye aanze kunisalimu. Sasa huniambia, "Habari za asubuhi, Sista Mfawidhi," nami humwitikia, "Nzuri."

Miezi minne iliyopita, wakati wa ripoti ya asubuhi, Mama alikuwa amechelewa kukamilisha maandishi ya mzazi mmoja kwenye faili. Nilimwambia, mbele ya wauguzi wote na wanafunzi tisa, kwamba kama macho yameshachoka na mikono imekuwa mizito, mlango wa kustaafu uko wazi na hakuna haja ya kusubiri tarehe. Hakunijibu. Alimaliza kuandika, akafunga faili. Tangu siku ile, nikiingia chumba cha wauguzi mazungumzo hukatika, na ripoti za asubuhi zimekuwa fupi kwa sababu hakuna anayeuliza wala kupendekeza jambo. Nakiri kwamba nililiona hilo kuwa nidhamu.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na wazazi wawili wenye jina la kwanza linalofanana, na mmoja wao alikuwa amepungukiwa damu baada ya kujifungua. Nilichukua chupa ya damu mwenyewe, nikiwa na haraka, nikaenda nayo kwenye kitanda kisicho chake. Mwanafunzi aliyenishikia sinia aliona kwamba namba iliyo kwenye chupa hailingani na iliyo kwenye faili, akanyamaza. Mama alikuwa kitanda cha jirani akimpima mtu presha. Alikuja taratibu, akaushika mrija kabla sijaufungua, akasema kwa sauti ambayo hata mgonjwa sidhani kama aliisikia, "Sista, tusome tena namba." Tukasoma. Makundi ya damu hayakuwa sawa. Mama akarudi kwa mgonjwa wake, na mpaka leo sijasikia kwamba amemsimulia mtu yeyote.

Jioni nilimwita yule mwanafunzi nikamuuliza kwa nini hakusema. Alijibu huku anatetemeka, "Niliogopa, Sista. Nilidhani nitaambiwa najifanya najua." Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nimenunua doti ya khanga, nakusudia kumpelekea Mama nyumbani kwake jioni moja na kumwomba radhi faraghani. Mwenzangu mmoja, ambaye ni mfawidhi wa wodi nyingine, ananionya kwamba kiongozi akianza kuwaomba radhi walio chini yake watamkalia kichwani na wodi itavurugika. Nifanyeje nirudi kuwa mtu niliyekuwa, bila kupoteza uwezo wa kuisimamia wodi?

Mkunga, Kanda ya Ziwa

JIBU

Dada yangu Mkunga,

Wengi wangeisoma barua yako wakaona kwamba ugonjwa ni ukali wa ulimi, wakakushauri uwe mpole. Mimi nimesimama kwenye sentensi uliyoiandika kama jambo la kupita, kwamba kimya cha ripoti ya asubuhi ulikiona kuwa nidhamu. Ulimi wako ndio uliokileta kimya hicho, lakini kimya chenyewe ndicho kilichokaribia kumuua mzazi, na unaweza kuwa mpole kuanzia kesho huku kimya kikibaki palepale, kwa sababu watu waliokwisha kujifunza kunyamaza hawaachi kwa siku moja.

Nidhamu na woga ni vigumu kutofautisha ukiwa umekaa kwenye kiti cha mkubwa. Wenye nidhamu na wenye woga wote huwahi zamu, wote huitikia, wote hutimiza walichoagizwa. Tofauti yao huonekana siku mkubwa anapokosea: mwenye nidhamu atakuzuia, mwenye woga atakushikia sinia. Mwanafunzi wako hakuwa mjinga wala mzembe, maana aliliona kosa kabla yako.

Jambo hili limeua watu wengi mahali ambapo kila mtu alikuwa hodari wa kazi yake. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana ndani ya ukungu juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Rubani aliyeanza kukimbiza ndege yake kabla ya kupewa ruhusa alikuwa miongoni mwa waandamizi kabisa katika shirika lake, mwalimu wa marubani wenzake. Mhandisi aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Nakuomba uliangalie hilo kwa makini, kwa sababu yule mhandisi alithubutu kuliko mwanafunzi wako, swali alilitoa, na bado cheo cha aliyeulizwa kililizima kwa neno moja.

Mfano wa pili uko karibu na kazi yako na karibu na kwetu. Mwaka 2007 na 2008 hospitali nane katika miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro, zilijaribu orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua usalama wakati wa upasuaji. Miongoni mwa mambo yaliyomo, kabla kisu hakijagusa ngozi kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, daktari bingwa na muuguzi sawasawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, nayo yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo ina vipengele vingine vingi, kwa hiyo sisemi kwamba kutaja majina ndiko kulikookoa watu. Nasema kwamba waliotunga orodha walijua kuwa mtu aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe chumbani humo huona wepesi kuitoa tena pale anapoona jambo linakwenda kombo.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie. Usisubiri moyo wako uwe mnyenyekevu kwanza, maana moyo una siku zake, na siku ya haraka na wagonjwa wengi hautakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Uweke unyenyekevu ndani ya kazi yenyewe. Damu isomwe na watu wawili kando ya kitanda, kama ulivyofundishwa chuoni, ila katika wodi yako anayesoma kwa sauti awe yule mdogo kuliko wote aliyepo na anayejibu awe mkubwa, na mrija usifunguliwe mpaka huyo mdogo atamke kwamba vyote vinalingana. Mwisho wa ripoti ya asubuhi waulize wanafunzi kwanza, kabla ya wauguzi, wameona nini usiku ambacho hakijatajwa, kisha unyamaze wewe. Wiki za mwanzo hawatasema kitu. Atakayetangulia kusema atakuwa anakupima, na pengine atasema jambo dogo au jambo ambalo amekosea. Namna utakavyomjibu itakuwa imeshasimuliwa bwenini kabla ya jua kuzama, na ndiyo itakayoamua kama kutakuwa na wa pili.

Sasa nije kwa Mama. Maneno ya siku ile ya ripoti yalikuwa mabaya, lakini kilichoniuma zaidi ni ile salamu. Shikamoo hufuata umri, haifuati cheo, na asili yake ni mtu kujiinamisha hadi miguuni pa aliyemtangulia duniani. Mkuu wa mkoa humwamkia bibi kizee anayeuza mchicha na hakuna anayeona kwamba mkoa umeshushwa hadhi. Uteuzi wako ulikuongezea madaraka, haukukuongezea miaka, na Mama alipoanza kukusalimu wewe kwa jina la cheo alikuwa akikuonyesha, kwa adabu ya watu wa umri wake, mahali ulipojiweka. Alikwisha kukuambia kila siku kwa miaka miwili, kabla hajakuambia usome tena namba.

Kuhusu khanga, nia yako ni njema lakini usianze nayo. Maneno yako uliyasema mbele ya watu, tena mbele ya wanafunzi tisa ambao watafanya kazi hii miaka 30 ijayo wakikumbuka kwamba hivyo ndivyo mkunga mzee anavyosemeshwa. Ukienda kumwomba radhi gizani, utakuwa umemtukana hadharani na kumheshimu kwa siri. Tena kwa kuwa Mama amekufichia kosa la damu, zawadi inayofika sasa inaweza kuonekana kwake kama malipo ya kimya chake, jambo ambalo lingekuwa tusi la pili.

Nenda kwake mikono mitupu. Mwamkie, mwambie kwamba unakusudia kusema mbele ya wodi nzima, na umuulize kama anaridhia utaje alivyokuzuia, kwa sababu siri hiyo ameitunza yeye na si haki kuifungua bila idhini yake. Akikupokea kwa ubaridi, vumilia, maana hana deni la kukufurahisha. Asubuhi inayofuata, kabla ya ripoti kuanza, sema ukiwa umesimama: "Mama, miezi minne iliyopita nilikuambia hapahapa maneno ya kukudhalilisha. Hukuyastahili. Nakuomba radhi, na nawaomba radhi ninyi nyote mliosikia." Kama ameridhia, ongeza kwamba ulikaribia kumwekea mzazi damu isiyo yake na Mama ndiye aliyekuzuia. Ishia hapo. Usieleze jinsi ulivyokuwa umechoka, na jitahidi usilie, kwa sababu ukilia watalazimika kukubembeleza, na Mama aliyekosewa ndiye atakayegeuka kuwa mfariji. Khanga ipeleke siku za kumuaga, nawe uyasome vizuri maandishi yake kabla ya kuipeleka.

Barua yako haisemi kama tukio la damu limeandikwa popote. Kama halijaandikwa, liandike na ulifikishe kwa uongozi wa hospitali kwa utaratibu uliopo, ukijitaja wewe mwenyewe na bila kumtupia lawama mwanafunzi. Huenda ukapewa onyo, nawe utalipokea. Wazazi wenye majina yanayofanana wapo katika kila wodi, na mtu anayetaka wadogo zake waseme makosa yao hawezi kukalia la kwake. Yule mwanafunzi mwite peke yake umwambie kwamba kilichomfunga mdomo ulikiweka wewe, asije akabeba tukio lile peke yake hadi uzeeni.

Mwenzako anahofia kwamba utakaliwa kichwani, na hofu hiyo naijibu kwa mtu ambaye Watanzania wote wanamfahamu. Mwaka huohuo wa 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wamekufa mikononi mwa maofisa wa dola waliokuwa wakichunguza mauaji. Mkono wake haukumgusa mtu. Alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Alikwenda kuwa balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki dunia Februari 2024, kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosimuliwa zaidi kumhusu, tena kwa heshima. Sikuahidi kwamba utapanda cheo kwa kuomba radhi. Nakuonyesha tu kwamba kukiri hakukumpunguzia mtu yule uzito machoni pa watu.

Hata hivyo mwenzako hakukosea kila kitu. Watakuwapo mmoja au wawili watakaodhani kwamba mfawidhi aliyeomba radhi ameachia usukani, nao watachelewa zamu ili wakujaribu. Hao uwaite faraghani, uwaambie tarehe na saa walizochelewa, na wakirudia ufuate taratibu za utumishi kama zilivyo, hadi barua ya kujieleza ikibidi. Kuomba radhi kwa tusi hakufuti sheria ya kazi. Hata faili la Mama lililochelewa lilikuwa jambo halali la kuulizwa. Ungeweza kusema, "Mama, faili la huyu mzazi halijakamilika, umekwama wapi?" na kazi ingesimamiwa bila macho yake na mikono yake kuingizwa katika mazungumzo. Ukubwa ni jalala, wanasema wazee wetu, na utatupiwa mengi usiyostahili. Mengine utayachambua na mengine utayaacha yaoze.

Mkoba wako ubebe mwenyewe kuanzia kesho. Chai ya alfajiri nenda ukanywe nao mara mojamoja, lakini usijilazimishe humo kila siku, maana wenzako nao wanahitaji mahali pa kukusema kama mlivyomsema yule aliyekutangulia, na hilo ni haki yao. Mume wako mwambie kwamba hakuwa na wivu.

Umeniuliza utarudije kuwa mtu uliyekuwa. Sidhani kama utarudi, wala sioni kwamba ni lazima. Yule mkunga wa zamani aliyegawana maandazi na wenzake hakuwa mnyenyekevu kuliko wewe, ila hakuwa bado na funguo za stoo, wala ratiba ya zamu ya kupanga, wala mtu wa kumtisha. Unyenyekevu wake ulikuwa haujajaribiwa. Wako umejaribiwa na umeanguka, na sasa unajua hasa ulipoangukia, jambo ambalo viongozi wengi hustaafu bila kulijua.

Mama amebakiza miezi saba. Muombe, kama atapenda, atumie sehemu ya muda huo kuwafundisha wanafunzi namna ya kumzuia mtu aliyewazidi cheo bila kumvunjia heshima mbele ya mgonjwa, kwa sababu alichokifanya kando ya kitanda kile, kwa maneno manne na mkono mmoja juu ya mrija, ni ujuzi kamili wa kazi, na siku akiondoka nao hakuna kitabu wodini kwenu kitakachokuwa kimeubakiza. Anayefundisha awe yeye, nawe uwe yule mkubwa anayezuiwa katika zoezi hilo, mbele ya wote tisa. Ukishamaliza kuomba radhi asubuhi hiyo, usiwape watu nafasi ya kukupongeza. Keti, fungua daftari, na muendelee na ripoti: waliolazwa ni wangapi, waliojifungua ni wangapi, na nani bado anasubiri.